Mwandishi wa Programu Huanza Kabla ya Chuo

Shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta katika vyuo vikuu vya Tanzania huchukua miaka 3. Shahada za uhandisi wa kompyuta au uhandisi wa programu kwa kawaida huchukua 4. Muda huo ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye barua ya udahili. Wiki za mwanzo za muhula wa kwanza hazijaisha, mwanafunzi ameshatakiwa kuandika programu, mara nyingi kwa lugha ya C au Python, na hajakaa sana anakutana na miundo ya data na hifadhidata. Kwenye ukumbi mmoja huketi kijana aliyeanza kuandika programu tangu kidato cha pili kwa simu ya kaka yake, na mwingine aliyeigusa kompyuta mara chache tu, kwenye maabara ya shule ambako mashine zilikuwa chache na wanafunzi wengi. Mhadhiri huwafundisha wote kwa mwendo mmoja. Anayeachwa nyuma mapema hutumia miaka iliyobaki akiwakimbiza wenzake, na wapo wanaohitimu bila kuwahi kumaliza hata programu moja waliyoiandika wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Hali hiyo inaweza kuzuilika, tena bila gharama kubwa. Familia nyingi hudhani maandalizi ya fani hii ni kununua kompyuta ya bei mbaya au kulipia kozi fupi yenye cheti cha rangi. Vyote viwili vinaweza kusaidia. Lakini anayefika chuoni akiwa na hisabati aliyoielewa, programu ndogo mbili tatu alizozimaliza, na mazoea ya kukaa na kosa mpaka chanzo chake kionekane, huwa ametangulia mbali kuliko mwenye mashine mpya isiyo na kitu ndani.

Hisabati ndiyo inayodharauliwa zaidi, na mara nyingi wanaoidharau ni watu wenye nia njema. Mwanafunzi huambiwa kwamba siku hizi programu huandikwa bila hesabu, hivyo asiumize kichwa. Ni kweli kwamba ukurasa wa duka la mtandaoni hauhitaji kalkulasi. Lakini kozi za shahada zinahitaji, na nyingi humtaka mwombaji awe amefaulu Hisabati ya Juu kidato cha sita, kama wanavyoisoma wa tahasusi za PCM na EGM. Aliyechukua PCB au HGE na kusoma BAM (hisabati tumizi ya msingi) peke yake hukuta milango kadhaa imefungwa. Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa kwanza wa fani hii hufanywa baada ya matokeo ya kidato cha nne, wakati kijana ana miaka 16 au 17, na mara nyingi hufanywa bila mtu wa kumshauri.

Mtaala wenyewe wa Hisabati ya Juu una hazina ambayo walimu wachache huitangaza. Ndani yake mna mada ya mantiki, mada ya seti, na mada ya njia za kukokotoa kwa makadirio. Hizo ndizo zilizo karibu kabisa na kompyuta. Chukua kanuni ya Newton na Raphson ya kutafuta kipeuo cha pili cha 2. Mwanafunzi huanza na kisio, tuseme 1. Hugawanya 2 kwa kisio hicho, hujumlisha jibu na kisio chenyewe, kisha huchukua nusu. Hupata 1.5. Akirudia hatua zile zile kwa 1.5 hupata 1.41667, akirudia tena, 1.414216, na mara ya nne hupata 1.414213562, ambayo ni sahihi mpaka tarakimu ya mwisho iliyoandikwa hapa.

Kazi hiyo hufanywa kwa kikokotoo kila mwaka katika shule nyingi, na wengi wanaoifanya hawajui kwamba wanachofuata ni algoriti kamili: mahali pa kuanzia, hatua ya kurudia, na sharti la kusimama. Ikigeuzwa kuwa programu, haizidi mistari kumi. Ila mistari hiyo kumi inauliza jambo ambalo daftari halikuuliza: isimame lini? Ukiiamuru isimame pale tu kisio kipya kitakapolingana kabisa na cha zamani, kwa baadhi ya namba huenda isisimame kamwe, kwa kuwa kompyuta hutunza desimali kwa nafasi zenye kikomo na jibu linaweza kuyumba kati ya namba mbili jirani. Ndiyo maana huamriwa isimame tofauti inapokuwa ndogo kuliko kiwango fulani. Mwanafunzi aliyeligundua hilo kwa mikono yake amegusa somo ambalo chuoni litamjia mwaka wa pili au wa tatu, naye atalipokea kama jamaa anayemfahamu.

Mantiki nayo hulipa kwa namna hiyo hiyo. Orodha ya majina 1,000,000 ikipekuliwa moja baada ya jingine, jina la mwisho hupatikana baada ya hatua milioni moja. Ikiwa imepangwa kwa alfabeti, inatosha kutazama la katikati, kutupa nusu isiyohusika, na kurudia. Hatua hazizidi 20. Kompyuta ni ile ile; kilichobadilika ni fikra ya aliyeandika.

Baada ya matokeo ya kidato cha sita, ambayo kwa kawaida hutoka Julai, huja udahili. Kigezo cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni kufaulu masomo mawili makuu kwa jumla ya alama zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kizingiti cha kuingia chuo kikuu. Kozi yenyewe ina masharti yake, na ushindani huyapandisha. Kozi zipo Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Kijitonyama, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, DIT, IFM, na kwa upande wa Zanzibar SUZA, mbali na vyuo vingine vya umma na binafsi.

Majina ya kozi hizo yanafanana kiasi cha kupoteza watu. Sayansi ya kompyuta huzama katika nadharia: algoriti, lugha za programu, mfumo endeshi unavyofanya kazi. Uhandisi wa programu hufundisha jinsi timu inavyojenga mfumo mkubwa na kuutunza kwa miaka. Uhandisi wa kompyuta hushuka hadi kwenye saketi na vifaa. TEHAMA huelekea zaidi kwenye kuendesha mifumo na mitandao. Mwombaji asiishie kwenye jina. Afungue mwongozo wa chuo, asome orodha ya masomo ya mihula yote, ahesabu ni mihula mingapi ina somo la kuandika programu. Kozi mbili zenye jina moja katika vyuo viwili zinaweza kutofautiana sana hapo.

Ipo pia njia ya stashahada, na inastahili heshima kuliko inayopewa. Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kwenda moja kwa moja chuo cha ufundi, akasoma mpaka stashahada, kisha akaomba shahada akiwa na wastani wa GPA usiopungua 3.0. Vijana wa njia hii hufika chuo kikuu wakiwa wameshashika vifaa na kuandika programu kwa miaka kadhaa. Udhaifu wao mara nyingi ni kalkulasi, na anayejua hilo mapema hujipanga: huazima madaftari ya kidato cha tano na kuyapitia kabla muhula haujaanza.

Mitihani ya kidato cha sita hufanyika Mei, na wengi wa wahitimu huitwa JKT baada ya hapo. Kambini si mahali pa kushinda mbele ya kompyuta. Kinachobaki ni wiki kati ya kutoka kambini na vyuo kufunguliwa Oktoba au Novemba, na ndani ya wiki hizo kuna pilikapilika za TCU, maombi ya mkopo HESLB, na kukimbizana na vyeti vya kuzaliwa RITA. Kenya muda ni mrefu zaidi: KCSE huisha Novemba, na vyuo hupokea waliopangwa na KUCCPS kuanzia Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Iwe miezi minane au wiki nane, muda huu ndio pekee katika maisha ya mwanafunzi ambao hakuna mtihani unaomsubiri kesho. Nyumbani hutokea pia kwamba mtoto wa kiume huachiwa kompyuta ya familia na nafasi ya kukaa nayo, huku dada yake aliyefaulu hisabati kumzidi akipangiwa kazi za nyumbani kutwa nzima. Wazazi wanaotaka mabinti wao wafike mbali katika fani hii wana la kufanya hapo, na halihitaji fedha.

Kifaa cha kuanzia kinaweza kuwa simu. Simu ya kawaida ya Android inaweza kuendesha Python kupitia programu za bure kama Termux au Pydroid 3, na vijana kadhaa wamejifunza misingi kwa njia hiyo, ingawa kuandika mistari mingi kwa kidole gumba kunachosha. Kompyuta mpakato iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya aina ya SSD, inatosha kwa miaka yote ya chuo kwa kazi nyingi. Anayenunua mtumba Kariakoo au kwingineko aiwashe dukani bila chaja aone betri inakaa muda gani, abonyeze kila kitufe cha kibodi, na aangalie kama diski kweli ni SSD, kwa kuwa hicho ndicho kinachoamua kama mashine itakuwa nyepesi au itasota. Mashine ya zamani iliyolemewa na Windows mara nyingi hupata uhai ikiwekewa Linux, mfumo endeshi wa bure ambao pia ndio unaoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Kuuzoea mapema ni faida maradufu. Wengi husubiri bumu la kwanza, yaani fedha za kujikimu za mkopo, ndipo wanunue. Ikibidi, sawa, ila wawe wameshaanza kwa simu.

Bando nalo lisiwe kisingizio kikubwa. Python ikishapakuliwa mara moja hufanya kazi bila intaneti, na mwongozo wake rasmi unaweza kupakuliwa wote na kusomwa bila mtandao. Kitabu cha Allen Downey cha kujifunza Python hutolewa bure na mwandishi mwenyewe. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, inayofundishwa na David Malan, nayo ni ya bure, na mazoezi yake ni magumu kwa namna inayojenga: huanza na Scratch, ikaingia C, ndipo ikaja Python. Kosa la kawaida ni kutazama video za kozi sita na kutomaliza mazoezi ya hata moja. Kozi moja hadi mwisho, pamoja na mazoezi yake yote, inazidi kumi zilizoonjwa.

Swali la lugha ipi ya kuanza nayo limepoteza jioni nyingi za vijana. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ni nyepesi kusomeka na inafaa kwa mwezi wa kwanza. C, iliyozaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 mikononi mwa Dennis Ritchie, humlazimisha mwanafunzi kuona kumbukumbu ya kompyuta ilivyo, na ndiyo maana vyuo vingi bado vinaifundisha. Yeyote aliyeielewa moja vizuri huipata ya pili kwa muda mfupi.

Programu ya kwanza ya maana isiwe kubwa, na itoke kwenye maisha ya watu anaowajua. Daftari la kikoba linatosha. Mitaa mingi ina kikundi kinachokutana kila wiki, kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka, na mweka hazina wake huandika yote kwa kalamu. Mwanafunzi aanze na swali dogo kabisa la mweka hazina huyo: leo zimekusanywa shilingi ngapi? Programu inauliza mchango wa mwanachama wa kwanza, 5000. Inauliza wa pili, 3000. Inajumlisha. Anayeandika Python kwa mara ya kwanza mara nyingi hukuta jibu ni 50003000, na kikoba cha watu wawili kimekuwa na zaidi ya shilingi milioni 50 kwa dakika moja.

Kompyuta haijakosea. Kinachochapwa kwenye kibodi Python hukipokea kama maandishi, na kujumlisha maandishi ni kuyaunganisha, kama mtu anavyobandika vipande viwili vya karatasi ubavu kwa ubavu. Mwanafunzi hakuiambia kwamba maandishi hayo ni namba. Akiongeza agizo hilo, 8000 inatokea. Kilichompata hapo kina thamani kuliko jibu lenyewe: amejifunza kwamba kompyuta hutenda kilichoandikwa, na kilichokusudiwa haikijui kabisa. Kila hitilafu atakayokutana nayo miaka ishirini ijayo, katika mfumo wa benki au wa hospitali, itakuwa ndani ya pengo hilo.

Kisha programu anapewa mweka hazina aijaribu, naye anaandika "elfu tano" badala ya 5000. Programu inasimama na kumwaga mistari kadhaa ya Kiingereza. Wanaoanza huogopa mistari hiyo, huifuta na kujaribu tena wakiomba ipite. Ingefaa waisome, tena kuanzia chini kwenda juu: mstari wa mwisho hutaja aina ya kosa na hata neno lililoleta shida, na ulio juu yake huonyesha ni mstari upi wa programu uliokwama. Nusu ya ufundi wa fani hii ni kusoma ujumbe huo kwa utulivu, neno kwa neno, bila kukimbilia kuuliza. Kiingereza cha kiufundi nacho hujengeka hapo hapo, ujumbe mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa maneno yanayorudiwa ni machache.

Programu ikishajua kukataa "elfu tano" kwa upole na kuuliza tena, linakuja tatizo la tatu: umeme unakatika, na michango yote iliyokuwa kwenye kumbukumbu imepotea. Inabidi iandikwe kwenye faili. Baadaye kikundi kinataka mikopo iingizwe, na hapo swali linakuwa zito. Kumkopesha mwanachama 200,000 ni hatua mbili: deni lake linaongezeka, na salio la kikundi linapungua. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo, fedha zimetoka bila kuonekana kwenye salio, au zimeonekana kutoka bila mtu kudaiwa. Hifadhidata zimejengwa kutatua jambo hili: hatua zote mbili hufungwa kuwa muamala mmoja, zikatendeka zote au isitendeke hata moja. SQLite, hifadhidata ndogo ya bure iliyomo ndani ya kila simu ya Android, inalifanya hilo, na mwanafunzi anaweza kuitumia kutoka Python bila kusakinisha kitu kingine.

Huduma za pesa kwa simu zimesimama juu ya swali hilo hilo. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007 na Safaricom, ilikuwa imetanguliwa na majaribio ambayo lengo lake lilikuwa jingine: watu walipe mikopo midogo kwa urahisi kupitia simu. Waliojaribu waligeuza matumizi, wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na waliokuwa wakiijenga wakawa na busara ya kufuata walichokiona. Mwaka 2008 huduma ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Mwanafunzi anayekaa kando ya mweka hazina na kumtazama akihangaika na programu yake hufanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa kiwango cha mtaa. Atagundua kwamba mweka hazina huyo anataka kwanza kuona nani hajachanga wiki hii, jambo ambalo yeye hakuliwaza.

Na kwa kuwa daftari hilo lina majina ya watu na madeni yao, ajue mapema kwamba taarifa binafsi zina sheria: Tanzania imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na Kenya tangu 2019. Anapoiweka programu yake hadharani kwa wengine kuiona, data halisi ya wanachama ibaki nyumbani na majina ya mfano yachukue nafasi yake. Kuweka kazi hadharani kwenyewe ni jambo jema. Chombo kinachotumika ni Git, kilichoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Hutunza historia ya kila badiliko, ili mtu aweze kurudi jana pale alipoharibu leo.

Chuo kikianza, kishawishi kikubwa ni kudesa. Kazi ya nyumbani ya programu hunakiliwa kwa sekunde chache, na majina ya kubadilisha ni machache. Aliyefika akiwa na kikoba chake hapati shida sana na kishawishi hicho kwa sababu kuandika kumeshakuwa kazi anayoiweza. Mitihani mingi ya programu bado huandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, bila kompyuta ya kuonya, na hapo ndipo wengi hushikwa na sapu (mtihani wa marudio), au kudisko (kuondolewa chuoni) kabisa.

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kishawishi hicho kimepata nguvu mpya. Akili mnemba huandika programu za mwaka wa kwanza bila shida, mara nyingi kwa usahihi. Kwa mfanyakazi mwenye uzoefu ni msaidizi wa kweli. Kwa anayejifunza, inategemea ameomba nini. Akiomba jibu, amepewa jibu na amenyang'anywa zoezi. Akibandika ujumbe wa kosa baada ya kuhangaika nao nusu saa na kuomba aelezwe maana yake, amepata mwalimu ambaye shule nyingi haziwezi kumwajiri. Kipimo ni rahisi: mwanafunzi afunge dirisha, afungue ukurasa mtupu, aandike upya. Asipoweza, hajajifunza. Waajiri nao wameligundua hilo, na usaili wa siku hizi humtaka mtu aeleze programu yake mstari kwa mstari mbele ya anayemsaili.

Masomo ya nadharia huwachosha wengi, na malalamiko kwamba vyuo hufundisha mambo ya zamani husikika kila mwaka. Malalamiko hayo yana haki mahali fulani: maabara hazitoshi, na baadhi ya maandishi ya mihadhara hayajaguswa kwa muda mrefu. Lakini umri wa somo si kasoro. Vijana waliotumia miaka kujifunza Flash waliiona ikizimwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Waliosoma hifadhidata za uhusiano, ambazo msingi wake uliwekwa na makala ya Edgar Codd ya mwaka 1970, bado wanazitumia kila siku kazini. Miundo ya data, mitandao, mifumo endeshi na hifadhidata ndiyo masomo ya kuyashika kwa mikono miwili.

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi, huja mwishoni mwa mwaka na kwa kawaida ni wiki 8. Wengi huangukia ofisi ambako hupangiwa kufunga printa, kuvuta nyaya na kuweka upya Windows. Ni kazi halali, ila haimjengi mwandishi wa programu. Kabla ya kupeleka barua ya kuomba nafasi, mwanafunzi aulize swali moja: hapa kuna watu wanaoandika programu? Benki, kampuni za simu, Mamlaka ya Serikali Mtandao na kampuni ndogo za mifumo huwa nao. Kampuni ndogo yenye waandishi watatu inaweza kumfundisha zaidi kuliko taasisi kubwa yenye jengo la vioo.

Asiyepata nafasi ya namna hiyo ana mlango mwingine ambao hauhitaji barua. Baadhi ya mifumo mikubwa inayotumika Afrika Mashariki ni ya chanzo huria: msimbo wake uko wazi, unasomwa na yeyote na kuboreshwa na anayeweza. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na wenzao wa Indiana, Marekani, wakati kliniki za VVU za magharibi mwa Kenya zilipozidiwa na mafaili. DHIS2, ambao wizara za afya za nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, huutumia kukusanya takwimu za vituo, huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuujenga na kuusambaza. Yote miwili imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Java. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ataifungua na kuhisi amepotea msituni. Aanze na jambo dogo: asakinishe, atafute ujumbe mmoja anaouona kwenye skrini, afuatilie ulikoandikwa ndani ya msimbo, aubadilishe aone. Baada ya wiki kadhaa za kazi hiyo ataweza kurekebisha hitilafu ndogo na kutuma marekebisho kwa wanaoutunza mfumo. Marekebisho yakikubaliwa, jina lake linabaki kwenye historia ya mradi, na hakuna msaili atakayehitaji barua ya utambulisho zaidi ya hiyo.

Kazi ya kwanza hutofautiana na chuo kwa jambo moja kubwa: mwandishi mpya husoma zaidi kuliko anavyoandika. Hupewa mfumo wa miaka mingi, ulioandikwa na watu ambao wengine wameshaondoka, na kuambiwa arekebishe mahali padogo bila kuvunja pengine. Miezi ya kwanza hupita katika kusoma, kuuliza na kuandika majaribio yanayothibitisha kwamba kilichofanya kazi jana kinafanya kazi leo. Aliyezoea kukaa na ujumbe wa kosa, na aliyewahi kupotea ndani ya OpenMRS akajitoa, huingia kwenye hali hiyo bila hofu kubwa.

Wapo wasioajiriwa na wanaochagua kujiajiri, wakijengea maduka, shule na zahanati mifumo midogo. Kwao shida huanzia kwenye makubaliano zaidi ya msimbo. Mteja huongeza mahitaji kila wiki kwa bei ile ile, na malipo ya mwisho huchelewa. Waraka wa kurasa mbili uliosainiwa kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa, unaotaja mfumo utafanya nini, utakabidhiwa lini, malipo yatagawanywaje na nani atautunza baadaye kwa gharama gani, huokoa fedha na urafiki.

Kwa anayeajiriwa, mkataba nao usomwe mpaka mwisho, hasa kifungu cha umiliki. Programu iliyoandikwa kazini kwa kawaida ni mali ya mwajiri, na baadhi ya mikataba hupanua umiliki huo hadi kwenye kazi anazofanya mtu usiku nyumbani kwake. Mwenye miradi yake binafsi, kikoba kikiwemo, aitaje kwa maandishi kabla ya kusaini, na aitunze kwenye mashine yake mwenyewe, kwa akaunti yake mwenyewe, mbali na vifaa vya ofisi.